Mama Pindo Hakusahau Sindano

Tuliyekuja kumsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1981, binti mdogo wa fundi bomba na mkunga. Kitovu chake kilimwangukia mikononi dada yake mkubwa, aliyekuwa na miaka saba, na tangu siku hiyo dada akajiona ana hisa katika mtoto yule. Dada huyo ndiye anayewasomea wasifu huu.

Alianza shule mwaka 1989. Akiwa darasa la saba alikunywa maji kama mchanga na kuomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi, hata mwalimu wa hesabu akatania kwamba fundi bomba ameshindwa kuziba bomba la kwake. Tarehe 2 Oktoba 1995 alianguka mstarini. Hospitalini wakasema ni kisukari kile ambamo kinga ya mwili hulishambulia kongosho, na kwamba sindano ya insulini ni ya kila siku, maisha yote. Mwalimu alikuja kuomba radhi akiwa na machungwa ambayo mgonjwa hakuruhusiwa kula. Wakayala yeye na dada, kwa aibu, huku mgonjwa akiwahesabia maganda.

Alijifunza cherehani, akafungua chumba chake mwaka 2001. Wateja walimpa jina la Mama Pindo kabla hajawa mama wa mtu, kwa kuwa nguo haikutoka pale mpaka apitishe kidole kwenye pindo lote. Tarehe 14 Agosti 2004 aliolewa na seremala wa chumba cha pili, aliyekuwa akija kuazima futi ya kamba huku yake ikining'inia shingoni. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 2007.

Mwezi wa Mei 2016 yalianza mabaka. Yalivimba mapajani, mgongoni, kwenye kope, yakapotea, yakarudi mahali pengine siku hiyohiyo. Yalikaa miaka minane. Daktari alimweleza kuwa ni kinga ileile, imemgeukia tena. "Basi nimefuga mbwa anayemng'ata mwenye nyumba," akasema. Vidonge vya mzio vilimpa nafuu ya robo. Vile vikali vilituliza ngozi, lakini sukari ikapanda hadi kipimo kikashindwa kuisoma. Akiponya huku, kule kunabomoka. Kwa kuwa mishono ilimwasha, alivaa nguo ndani nje. Mteja mmoja akamwambia, "Fundi, umegeuza gauni." Akajibu, "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimekitoa nje kipigwe na jua."

Tulicheka naye. Lakini nyumbani alikuwa akikaa sakafuni, mgongo ukutani palipo baridi, akilia bila sauti. Mara moja alimwambia dada, "Nichune tu, dada. Nimechoka kukaa ndani ya ngozi hii."

Sasa tufike kwenye kifo chake. Katika ratiba mlizoshika imeandikwa kwamba alisahau sindano zake. Zilichapwa juzi, na maneno hayo aliyatoa dada. Yafuteni. Mtu aliyejichoma sindano miaka ishirini na minane na ushee, hata siku ya harusi, hata siku ya kujifungua, hasahau.

Tarehe 3 Juni 2024, mumewe akiwa safarini kufunga madirisha, dada alimkuta na mabaka tumboni, pale anapojichoma. Akasema, "Mdogo wangu, mchawi wako ni hii sindano. Ipumzishe siku mbili tuone."

"Daktari atanigombeza, dada."

"Daktari ndiye anayewashwa?"

Hakuwa amelala siku tano. Alimtazama dada kama anavyotazama mtu aliyeahidiwa maji, akafunga kisanduku cha dawa. Mabaka hayakupungua. Yalimjaa hata mgongoni, ambako sindano haikuwahi kufika. Siku ya pili alitapika, akaanza kuhema kwa nguvu, na dada akadhani ni uchovu, akamfunika shuka. Alipofikishwa hospitali tarehe 5 alikuwa hajitambui.

Jioni ya tarehe 6 alizinduka kidogo. Daktari akamuuliza kwa nini aliacha dawa. Akamtazama dada yake, akambana kidole, akasema, "Nilisahau." Hilo ndilo neno lake la mwisho. Alifariki asubuhi ya tarehe 7, akiwa na miaka arobaini na mitatu, amembebea dada mzigo usiokuwa wake. Dada anautua hapa, mbele ya mume na mtoto. Na mwenye sukari aliyepo hapa asiache sindano kwa maneno ya mtu, hata akiwa ni mtu anayempenda.

Jana, wakati wa kumvisha, dada alitaka kuligeuza gauni lake, aende kwa heshima. Binti yake akamshika mkono. "Mama mkubwa, liache hivyo hivyo. Mishono itamwasha."

Ameacha mume, binti, mama mzazi, wajomba wawili, na dada mmoja.

Mdogo wetu, pumzika kwa amani. Nguo yako tumekuvalisha ndani nje.