Evarista, Aliyeshusha Barakoa Asalimie Wazee

Ndugu waombolezaji, mimi bibi yake nimeomba niisome mwenyewe historia hii.

Mpendwa wetu Evarista alizaliwa tarehe 14 Agosti 1989 hapa Madibira, mtoto wa pekee wa marehemu binti yangu Yudith, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari akaisomea Iringa, na huko akajifunza kuhudumia wagonjwa, akaajiriwa Machi 2012 kwenye nyumba ya kutunzia wazee nje kidogo ya mji, akafanya kazi hiyo mpaka mwili ulipokataa. Tarehe 6 Julai 2013 alifunga ndoa na Ndalahwa wa Igawa, Mungu akawapa Sarah na Mwigulu, ndio hao wamekaa mbele.

Kazi aliipenda. Wahudumu waliambiwa wavae barakoa na wafungue madirisha, lakini baridi ya Iringa mnaijua, wazee wanapiga kelele, "Funga hilo, unataka tufe?", na Mzee Joachim, aliyekuwa akikohoa tangu aletwe, anamwambia, "We binti, unanisalimia umejifunga mdomo, umekuja kuniibia?", chumba kizima kinacheka, na Evarista, kama sote tulivyolelewa kwamba mkubwa hasalimiwi kwa uso uliofichwa, anashusha barakoa, anapiga goti, "Kamwene, babu," na mzee anamshika mikono, anamkoholea usoni, kila asubuhi.

Mzee Joachim alipofariki mwaka jana ndipo ikajulikana kilikuwa kifua kikuu. Evarista alianza kukohoa Februari mwaka huu wa 2024, akaficha, maana pale kazini anayeonekana mgonjwa anaondolewa zamu, na alipokuja likizo nikamuuliza, akasema, "Ni vumbi la mashine ya mpunga tu, bibi." Mei akatema damu, akapelekwa hospitali Mbeya, wakakuta ni kile sugu, kisichosikia dawa za kawaida, na mapafu yameshaliwa, akatutoka tarehe 9 Septemba, alfajiri, akiwa ameniachia neno moja, "Bibi, waambie wenzangu wakapime."

Basi nawaambia. Mmekuja na kosta kutoka Iringa, asanteni, lakini tangu asubuhi namsikia mmoja wenu anakohoa ndani ya kitenge, simtaji, anajijua, na msimamizi wenu amesema mbele ya padre kwamba atakayekutwa mgonjwa atatibiwa na zamu yake itamngoja. Nesi amekaa pale pembeni ya turubai na vikopo vya makohozi, mimi niliyemuuguza nimeshatoa changu. Njoo mwanangu kabla hatujaenda kaburini, nitasimama na wewe, na uso ufunike, leo hakuna atakayesema unatudharau.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa Mbeya, majirani mliopika na kulala na sisi hapa chini, na ninyi wafanyakazi wenzake aliowawaza mpaka mwisho.

Nimewaambia, Evarista. Sasa kifua chako kipumzike kwa amani.