Mitaro Niliyoifuta Mimi

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkurugenzi wetu, Bwana Mayala. Wakuu wa idara. Wenzangu wa ofisi ya michoro. Na wewe Odeta mke wangu, uliyeniambia asubuhi nisizidishe maneno: nawasalimu wote. Walionizidi umri, shikamooni. Nimeangaza ukumbi mzima, na naona salamu hiyo imekosa wa kuipokea.

Mshereheshaji wa hafla hii ya kuniaga amesema mimi, Revocatus, ni mzee aliyeipokea kompyuta kama kijana. Nashukuru kwa sifa hiyo, lakini waliokaa karibu na meza yangu wanacheka, na wana sababu. Mwaka juzi ilipoletwa mashine ya kwanza ya kuchorea, niliifunika kwa kitambaa cha kufumwa, nikaweka juu yake kopo la penseli, nikaendelea na kazi. Ilikaa hivyo miezi minne.

Mwaka huu wa 1998 ni wa ishirini tangu nivuke Mto Kagera nikitokea Minziro, vita vikiwa nyuma yangu na rula ya T ya kuchorea ramani mkononi. Nyumba ya baba yangu haikuwa na ramani. Ilipobomolewa vitani, mimi na ndugu zangu tulibishana miaka kuhusu mahali dirisha la jikoni lilipokuwa, na mpaka leo hakuna aliyeshinda. Ndiyo maana katika ofisi hii nilikuwa mkali. Niliwafundisha vijana sheria moja: kitu ambacho mhandisi hajakipitisha kichorwe kwa penseli, akikipitisha, kitiwe wino, kisha raba ipite. Tulipohamia kwenye kompyuta, nikahama na sheria yangu. Tulitenga tabaka la mistari ya muda, yaani kama karatasi angavu inayolazwa juu ya mchoro ndani ya kompyuta, nikaliita Penseli.

Sasa, raba ningeipata wapi? Bwana Antoni, mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam kutufundisha, aliniandikia programu ndogo ya nyongeza. Ukiipakia ndani ya programu ya kuchorea, inafuta kila kilichomo kwenye tabaka la Penseli na kukuandikia chini ya kioo idadi ya vitu ilivyofuta. Nilifurahi kama mtu aliyepata mjukuu.

"Mzee," Antoni aliniambia, "hii usiiweke kwenye ile orodha ya programu zinazojipakia zenyewe kila mchoro unapofunguliwa. Ipakie unapoihitaji tu."

"Nimekuelewa, mwanangu," nikamjibu, na nikaandika kwenye daftari.

Alipopanda basi la kurudi kwao pale stendi ya Buzuruga, nikaiweka kwenye orodha ileile. Kwa nini? Kuipakia kila mara kulinitaka nitafute faili kwa vidole viwili na miwani miwili. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea wengine kwa uvivu!

Ndugu zangu, wengi mnamfahamu Selina, aliyekaa kule nyuma karibu na spika. Februari alichora sakafu ya kiwanda cha minofu ya samaki, pamoja na mitaro ya kutoa maji. Mhandisi alikuwa hajapitisha mwinamo wa mitaro ile, kwa hiyo Selina aliiweka kwenye tabaka la Penseli, kama nilivyomfundisha. Mhandisi akaipitisha kwa mdomo, Selina akaniletea diski ili nikague, niihamishie mitaro kwenye tabaka la wino, nitie muhuri na kuchapisha. Nikafungua mchoro. Mitaro haikuwepo.

"Binti, maji ya samaki yatatokea dirishani?"

"Mzee Revo, mitaro nimeichora mimi mwenyewe. Njoo uione kwenye mashine yangu."

"Kompyuta haina chuki na mtu, Selina."

"Basi ina upendeleo na wewe, mzee."

Sikwenda kuitazama mashine yake. Ni hatua kumi na moja kutoka kitini kwangu, nimezihesabu baadaye. Akainakili tena kwenye diski, nikafungua tena, ikafutika tena. Mara ya tatu safari ya kikazi ilinikaribia, nikapiga muhuri bila kutazama. Fundi mkuu alishangaa kuona sakafu isiyo na mitaro, lakini aliuona muhuri wangu, akamwaga zege. Siku ya kwanza ya kuosha, wafanyakazi walisimama kwenye maji na magamba hadi vifundoni. Sakafu ikavunjwa. Selina akapewa barua ya onyo kwa uzembe. Aliyeiandika rasimu yake, kwa Kiswahili safi kabisa, ni mimi.

Siku kumi na tisa zilizopita nilifungua mchoro wangu mwenyewe, vyoo vya shule moja ya Mkolani, nilivyokuwa nimeviacha kwenye Penseli. Vyoo vikatoweka mbele ya macho yangu. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba Selina ameigusa mashine yangu! Kisha, kwa mara ya kwanza, nikasoma ule mstari wa chini ya kioo: vitu arobaini na viwili vimefutwa.

Raba yangu ndiyo iliyoifuta mitaro ya Selina, na siri hiyo nimekaa nayo siku kumi na tisa. Nilijiambia mzee asistaafu kwa aibu. Niage kwanza, halafu nitaandika barua. Lakini Jumatatu inasainiwa orodha ya watakaobaki chini ya mwekezaji mpya anayeichukua ofisi yetu, na kila mtu hapa anajua kwamba mwenye barua ya onyo habaki. Je, mnisifu leo kwa uangalifu, naye afungashe Jumatatu kwa kosa langu? Nimezoea kupoteza mahali. Sikudhani ningempotezea mwingine.

Selina, mwanangu, ulisema kweli mara tatu, na mara tatu sikuinuka kitini. Nisamehe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nakushukuru kwa kuja. Wenzangu, nawashukuru kwa keki yenye jina langu. Naomba isikatwe bado. Bwana Mayala, katika bahasha hii kuna maelezo yangu, yenye saini, pamoja na ombi kwamba barua ile itoke kwenye faili la Selina. Kalamu unayo mfukoni, naiona kutoka hapa.

Mmenisikiliza vya kutosha, asanteni sana. Sasa naketi, ili sote tumsikilize Mkurugenzi.