Habari Nilificha Mama ya Rafiki Yangu

Bandugu na badada wa kikundi yetu, nasalimia ninyi wote. Majina sitataja. Wenye kunijua banajua niko fundi wa pikipiki hapa Butembo, mutu wa kelele mingi. Leo nitasema polepole.

Ku shule ya secondaire, kule Musienene, nilikuwa na rafiki. Miaka sita tulikaa banc moja. Yeye alijua hesabu, mimi nilikuwa nachungulia ku daftari yake. Kisha kumaliza masomo, mimi niliingia mu garage, yeye aliingia mu jeshi, bakamutuma ku Beni. Siku moja alikuja mu congé, bamemupa ruhusa ya kupumzika, tunakula, akaniambia: «Nimeandikisha namba yako ku bureau ya jeshi. Kama kitu inanipata, bataita wewe. Wewe utaenda kumuambia mama na mudomo yako. Asisikie ku redio.» Niliitika. Hata nilicheka, juu tulikuwa vijana.

Telefone ilikuja saa nne ya asubuhi. Mutu ya sauti nzito, anachanganya na Lingala: «Ndeko, rafiki yako ameanguka ku combat, amekufa. Mukuje na familia. Tutangoja siku mbili, kisha tutamuzika.»

Siku mbili, bandugu. Na Musienene, kwa mama yake, si mbali. Nilipanda pikipiki, nikafika nusu ya njia, nikageuza. Nawaambia kweli: niliogopa macho ya ule mama. Alikuwa mujane, na mutoto alikuwa ule mumoja tu. Nilienda Beni peke yangu. Basoda ba jeshi bakaniuliza: «Na mama?» Nikajibu: «Ni mugonjwa, hawezi safari.» Tukamuzika. Ile saa mama yake alikuwa mu shamba, anapalilia, hajui kitu.

Nilijiambia nitasema juma ijayo. Lakini mama mwenyewe ndiye alikuja ku garage, ametoka ku soko, na mufuko ya maharagi na viazi. «Mwanangu, telefone ya ndugu yako haipite. Umutumie hii na basi ya Beni.» Nikapokea. Nikasema: «Réseau ya telefone ni mubaya kule, mama. Anakusalimia.»

Munasikia? Anakusalimia. Nilisema vile miezi tatu, na kila juma mufuko mupya. Kula ile chakula sikuweza, kutupa sikuweza. Nilikuwa naificha nyuma ya mapipa. Nikaanza kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, tangu asubuhi, bateja bakakimbia.

Bibi yangu wa ndoa ndiye aliona ile mifuko. Viazi vilikuwa vimeota. Hakupandisha sauti. «Hii ni ya nani?» Nikamuambia yote. Akasema: «Ule mama analisha mutu mwenye alikufa, na wewe unamuangalia. Leo unaenda kumuambia, ao mimi ninaenda.»

Nilimukuta ule mama kwake, anachagua mbegu. Nikapiga magoti. «Mama, alikufa. Tulimuzika ku Beni, inapita miezi tatu. Mimi nilikuwako. Ni mimi nilidanganya basoda kwamba wewe uko mugonjwa.»

Hakulia. Aliuliza: «Balimuvalisha nini?» Nikajibu. «Mvua ilinyesha?» Nikajibu. «Nani alitupa udongo ya kwanza?» Nikasema ni mimi. Akasema: «Ile udongo ilikuwa ya mukono yangu. Toka.»

Pale ningeweza kuacha. Lakini nilikwisha kukimbia mara moja. Ya pili hapana. Juma ile ingine nilirudia. Akafunga mulango. Nikachukua jembe yangu, nikalima shamba yake mupaka jua ikawa kali, nikarudi kwangu. Juma yenye kufuata, vile vile. Kasiksi niliacha, juu huwezi kufika kwa mama ya watu unanuka. Majirani balicheka. Niliendelea kulima. Alipanda maharagi, hakuniambia neno. Maharagi ikatoa maua, neno hakuna. Siku moja akatoka, akasimama mikono kiunoni: «Unapalilia vibaya. Unakata mizizi.» Akaninyang'anya jembe, akanionyesha. Kabla ya kunirudishia akasema: «Siku ya tatu tutaenda Beni. Utanionyesha pale analala.»

Njia ya Beni munaijua, ni ya hatari. Tulisali, tukapanda basi. Ku kaburi nilitaka kurudi nyuma kidogo, nimuachie nafasi. Akanishika mukono. «Kaa. Wewe unajua kichwa iko upande gani.» Nikamuonyesha. Akainama, akatupa udongo yake. Kisha akamulilia kwa Kinande, vile mama analilia mutoto, na mimi nikalia naye.

Ninashukuru bibi yangu. Ninashukuru na ninyi ba kikundi, mulinisikia wakati hata mimi nilijichoka. Neno yangu ni moja: habari ya kifo ni ya mwenye mutoto. Ukiikalia, unamuibia. Na kama umekosea, usitume samahani na telefone. Enda na miguu yako, na bakifunga mulango, rudia.

Ule mama iko hapa kati yetu, pale karibu na dirisha. Jana nilimuomba ruhusa ya kusema. Alinijibu: «Sema yote, hata pale unasikia haya. Mutoto yangu hakukosea kukuchagua.»

Wasingya, mama, aksanti.