Hapa Hapajawahi Kuwa na Njia

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Machakos, kwenye mdomo wa uchochoro wa kwenda kwa Mbinya. Benchi ni ubao mmoja wa mjengo uliowekwa juu ya mawe, na wanaume wasio na haraka wameukalia mpaka ukabonyea katikati. Upande mmoja yuko Abdalla na birika lake la kahawa, upande wa pili niko mimi na jiko langu la mahindi ya kuchoma. Wananiita Susu, yaani nyanya, na wananiogopa kidogo, jambo ambalo halijawahi kuharibu biashara. Mbele yetu inapanda ghorofa ya mtu tunayemwita Bwana Ploti. Tangu aanze kuchimba msingi tumekula vumbi, maji ya bomba yamekuwa rangi ya chai, na mashine yake ya kuchanganya simiti inanguruma kabla majogoo hawajaamka. Mtaro wake aliuacha wazi hapo hapo uchochoroni bila hata kijiti cha kuonya watu. Reuben, mume wa Mbinya, alitoka kwetu kunywa kahawa jioni moja akaingia humo, nyonga ikavunjika. Kikombe chake chenye mstari wa kijani Abdalla amekifunika kwenye sinia tangu siku hiyo, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitumia. Leo Reuben anatolewa hospitali. Na leo hii hii, mafundi wa Bwana Ploti wamejenga ukuta wa mawe wakaziba uchochoro wote, pembe kwa pembe. Simiti bado ni mbichi. Sisi tumeupa ukuta mgongo, tunakunywa.

Wa kwanza kufungua mdomo ni Ndunda. Huyu tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki hata betri zikiisha.

Redio: Lakini huu ukuta umepanda haraka, bana. Mimi kuziba dirisha moja nyumbani nilingoja mpaka watoto wakahama.

Wakili: Huyo ako na mafundi wengi. Ni hiyo tu.

Huyo aliyemjibu ni Mutinda. Aliwahi kuitwa shahidi katika kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo hajarudi kuwa mtu wa kawaida. Ndiye Wakili wetu.

Abdalla: Zungumzeni mengine, jamani.

Redio: Mengine gani? Kila mtu akipita hapa anatuangalia kama sisi ndio tumebeba mawe.

Wakili: Atuangalie kwa nini? Si tuliulizwa, tukajibu?

Mimi: Ulijibu wewe.

Wakili: Nilijibu kwa niaba.

Hapo nieleze, maana mtu anayepita tu hawezi kujua. Reuben alipovunjika, Mbinya alienda ofisi za kanjo, yaani baraza la mji, peke yake. Alirudishwa, akaenda tena, akarudishwa, akaenda na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, ya kuuza hapo nje ili siku isipotee bure. Mwisho walichoka kumwona wakamtuma mtu na rangi nyekundu. Mtu huyo akaandika kwenye nguzo za Bwana Ploti, kwa herufi za kuonekana mpaka stendi: SIMAMISHA UJENZI. Tulilala vizuri siku hizo. Hata nguo zilikaushwa nje zikabaki nyeupe.

Asubuhi ya leo mtu wa kanjo alirudi na ramani. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa miaka mingi mpaka kwenye mikunjo imetoboka, na tundu moja limeangukia pale pale penye uchochoro wetu. Basi akafanya kama inavyofanywa huku Ukambani watu wakigombania mpaka: akaenda kwa wale wamekaa mahali pale muda mrefu, awaulize, neno lao liwe la mwisho. Alisimama mbele ya benchi. Lakini kabla ya kuuliza alisema, kwa heshima tu, kwamba kama hapa ni njia ya umma basi kila kilicho juu yake kitaondolewa. Mtaro, mawe, benchi, jiko, birika. Bwana Ploti alikuwa amesimama nyuma yake na viatu visafi. Jana yake alikuwa ametuahidi kwamba ghorofa ikiisha atatujengea kibaraza cha simiti, na paa juu, tusinyeshewe tena.

Mtu wa kanjo akauliza, "Wazee, hapa palikuwa na njia?"

Wakili akakohoa, akasema, "Hapa hapajawahi kuwa na njia."

Redio akaitikia. Abdalla akapangusa kikombe ambacho kilikuwa kimeshapanguswa. Mimi niligeuza mahindi. Mtu anayegeuza mahindi haulizwi kitu. Yule mtu wa kanjo akatutazama, akatazama udongo wa uchochoro, jinsi nyayo zimeukanyaga mpaka unang'aa, akakunja ramani yake akaenda.

Wakili: Mimi kisheria sina makosa. Kisheria, njia ni kitu ambacho gari inapita. Kuna mtu ameona gari hapa?

Abdalla: Jeneza la mamake Reuben lilipita hapa. Nilishika upande mmoja, na wewe ulishika mwingine.

Wakili: Jeneza si gari.

Mimi: Na wewe si wakili.

Redio: Ngojeni niwaambie kitu. Hii njia ilichorwa na wazungu. Ilikuwa ya wale watu wa kubeba ndoo za choo. Ndoo ziliisha, watu wakachimba vyoo vyao. Sasa ndoo zikiisha, njia ya ndoo inafanya nini? Inaisha pia. Kile kilibaki hapa ni mazoea.

Mimi: Kwa hivyo Mbinya miaka hii yote amekuwa akipita juu ya mazoea.

Redio: Ndio, Susu. Na mazoea hayana hati ya shamba.

Wakili: Hapo amesema.

Abdalla: Mimi nasema hivi. Wangeondoa birika, ningeenda wapi? Babangu alimwaga kahawa hapa nikiwa sijazaliwa. Nyumbani mke wangu Mishi ananiuliza kila siku kama unga umepatikana.

Hakuna aliyemcheka. Hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza tangu asubuhi, na kwa sababu lilikuwa la kweli lilitukera.

Mimi: Birika lina mkono, Abdalla. Linabebeka. Hata jiko langu linabebeka. Nyonga ya Reuben ndiyo haibebeki.

Abdalla: Basi mbona hukusema, Susu?

Nilimpa hindi moja, lile lililopasuka vizuri. Alilikubali, akalishika tu mkononi.

Redio, kwa kuwa hawezi kuvumilia kimya, akaanza tena.

Redio: Tena kuna maneno nyingine. Mnakumbuka mvua ya El Nino? Huu mji wote uliteremka kutoka vilima vya Iveti. Pole pole, mtu haoni. Nyumba ya ndugu yangu ilikuwa inaangalia kanisa, siku hizi inaangalia choo ya kanisa. Sasa kama ardhi ilisonga, na njia ilisonga. Saa hii unaweza kupata njia ya Mbinya iko huko Kalama, katikati ya mbaazi ya mtu, na mwenye shamba hana habari.

Wakili: Hiyo inawezekana. Kisheria inaitwa kuhama makazi.

Mimi: Na nyumba ya Mbinya ilibaki?

Redio: Nyumba ni nzito, Susu. Njia ni nyepesi.

Wakili: Kwa hivyo niliposema hapa hapana njia, nilikuwa sawa. Iko Kalama.

Mimi: Ulisema hapajawahi kuwa. Usirekebishe sasa, simiti inakauka.

Redio: Na hii ghorofa si ya kupangisha, mimi nawaambia. Mmeona hiyo ngazi ilivyo pana? Mpangaji gani anataka ngazi pana hivyo? Hii ni ya mkubwa fulani wa Nairobi. Pale juu itatua helikopta. Anashuka, anakula muthokoi ya Mbinya, maana huko Nairobi wanaipika vibaya, anarudi juu, anaenda zake.

Wakili: Asi! Na walinzi?

Redio: Walinzi wanakula githeri.

Walicheka. Hata Abdalla alionyesha meno.

Mimi: Na huyo mkubwa, akishashuka na helikopta yake, atapita wapi kufika kwa Mbinya?

Kicheko kilikatika kama bomba la kanjo.

Wakili alimaliza kahawa yake, akatazama ndani ya kikombe kana kwamba kuna kifungu cha sheria chini ya mashapo. Kisha akafanya kile ambacho mtu hufanya akiishiwa na hoja.

Wakili: Mbinya mwenyewe pia ako na makosa. Ni mwanamke wa kupenda ofisi. Si apitie huko nyuma, korongoni? Watu wanapita.

Mimi: Anapita. Nimemwona akishuka na ndoo kichwani, ameshika mizizi kwa mkono mmoja. Sasa mwambie Reuben na nyonga yake ashike mizizi.

Wakili: Mimi sikusema Reuben.

Mimi: Hakuna aliyemsema Reuben tangu asubuhi. Ndiyo maana tunaongea sana.

Abdalla: Wiki iliyopita alisimama hapa, Mbinya. Akasema, "Mkiulizwa, semeni tu mnachokijua." Sisi tukasema, "Haya, mwaitu." Sote. Tukamwita mwaitu, mama yetu.

Redio: Pengine hakutusikia tulivyojibu leo.

Mimi: Alikuwa amesimama hapo nyuma yetu, uchochoroni, Redio. Alisimama mafundi wakipanga mawe. Ukuta ulipofika kifuani mwake alikuwa bado anatutazama. Ulipofika machoni, ndipo wewe ukaomba kahawa ya pili.

Redio akafunga mdomo. Nimekaa naye hapa miaka mingi na sikujua kwamba unafungika.

Vumbi likashuka kwenye sinia, Abdalla akapuliza, likashuka tena. Fundi mmoja alikuja kuomba moto wa sigara kwenye jiko langu, akatushukuru. Alisema wazee wa hapa ni watu wazuri, kwingine wamezoea kurushiwa mawe. Nilimwambia achukue moto aende.

Ndipo ikaja teksi, Pijo nyeupe iliyochoka, ikisimama kila baada ya shimo kama mtu anayevuka mto. Kwenye kiti cha nyuma mtu alikuwa amelazwa upande, na magongo yametokeza dirishani. Tulijua magongo yale ni ya nani kabla ya kuona uso.

"Wakili!" Reuben aliita. "Redio! Bado mnadanganyana?"

Alikuwa amekonda, shingo imebaki na kola kubwa. Lakini sauti ilikuwa ile ile, na furaha yake ya kutuona haikuwa ya kuigiza. Wanaume walisimama, wakaenda dirishani, wakamshika mkono kwa zamu. Wakili alimshika muda mrefu kuliko kawaida, na hakusema kitu chochote cha kisheria.

Abdalla akafunua kile kikombe. Akakijaza mpaka kahawa ikamwagika kwenye sinia. Akampelekea.

Reuben alikitazama, akaona mstari wa kijani.

"Mlinifunikia kikombe," akasema. "Siku zote hizi. Kule wodini kuna watu hawakutembelewa hata na paka. Mimi niliwaambia, niko na watu wangu pale sokoni. Nyinyi ni watu, kweli."

Redio aligeuka upande akajifanya anakohoa vumbi.

Dereva wa teksi alikuwa kijana mgeni, kwa lafudhi yake mtu wa upande wa Ndithini. Alishuka, akafungua buti, akatoa godoro lililokunjwa na mfuko wa dawa, akaviweka juu ya benchi letu kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Akanisalimu kwa adabu.

"Habari ya jioni, Susu. Mke wa mzee ameniambia kwa simu nikifika kwenye benchi la kahawa niulize, wazee wataniongoza. Daktari amekataza atembezwe kwenye mteremko. Njia ya kwenda kwa Mbinya ni ipi?"

Wakili alimtazama Redio. Redio alimtazama Abdalla. Abdalla alilitazama birika, akaliinamisha, na halikutoa hata tone.

Reuben alikishusha kikombe polepole. Mpaka wakati huo tulikuwa tumesimama kati yake na ukuta, sote, bila mtu kutupanga. Akainua shingo akatazama juu ya mabega yetu.

Kutoka upande wa pili wa mawe ikasikika sauti ya Mbinya. Haikuwa ya kilio wala ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeita mwenzake chakula kikiwa tayari.

"Reuben? Ni wewe umefika?"

"Ni mimi," Reuben akauambia ukuta.

Yule kijana alidhani hatukumsikia mwanzo, maana sisi ni wazee. Akarudia kwa sauti kubwa, pole pole, neno kwa neno.

"Wazee. Njia. Ni ipi?"

Harufu ya kuungua ilinipanda puani. Yalikuwa mahindi yangu, upande mmoja umekuwa makaa. Nilikuwa nimekaa na mikono mapajani, na sikuyageuza.