Kisigino, Mkaguzi wa Viraka

Tarehe 5 Februari 2024, marehemu, mkaguzi mstaafu wa barabara za manispaa, aliteuliwa kuingia katika kamati ya kupitia upya kanuni za kampuni za maji, umeme na simu zinazochimba barabara za umma. Alikwenda kikao cha kwanza na viatu vyake vya kazi.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1961, kifungua mimba wa fundi viatu. Alisoma shule ya msingi na sekondari mjini hapa, akapata stashahada ya ujenzi wa barabara mwaka 1984. Mwaka uliofuata manispaa ilimwajiri.

Kila shimo lililofukiwa alilipiga kwa kisigino cha kulia, akainamisha kichwa kusikiliza. Likilia kama debe tupu, mafundi walijua watafukua upya. Hao ndio waliomwita Kisigino. Baba yake alinung'unika kwamba anamshonea mtu wa mguu mmoja.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987. Wakitoka kanisani alisimamisha gari, akashuka na suti yake kukipiga kisigino kiraka cha barabarani. Bibi harusi alichungulia dirishani.

"Mwenzangu, umenioa mimi au barabara?"

"Wewe nimeshakukagua," alimjibu. "Hii bado."

Mwaka 2015 mdogo wa mkewe, fundi seremala, alianguka na pikipiki kwenye kiraka kilichotitia baada ya mvua. Hakuamka tena. Kampuni iliyochimba ilijibu kwamba kanuni iliitaka idhamini kiraka kwa siku thelathini tu, nazo zilikuwa zimepita. Mkewe hakulia mbele ya watu. Alimuuliza mumewe ni nani aliyeziandika hizo siku thelathini. Tangu hapo mume alikuwa na hoja moja: anayechimba aendelee kuwajibika mpaka msimu mzima wa mvua upite juu ya kiraka chake.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2025. Alipolazwa, mkewe alimsomea rasimu ya kanuni mpya kitandani. Kampuni zilikuwa bado zinakipinga kipengele cha msimu wa mvua. Kila akikifikia, mgonjwa alimwomba arudie. Siku moja alimshika mkono.

"Mama watoto, wasinifukie harakaharaka."

"Nitasimama pale mwenyewe," alisema mkewe. "Wakilipua kazi, watafukua."

Mgonjwa alicheka mpaka muuguzi akaja. Alifariki tarehe 21 Oktoba 2025, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne, na dada yake aliyemwuguza kwa zamu na wifi yake. Mungu amjalie pumziko lisilo na usumbufu.

Jumanne saa nne asubuhi kamati itakipigia kura kipengele hicho. Leo, baada ya sala, udongo utarudishwa kidogo kidogo na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, mpaka mkewe aseme basi.