Mwalimu Sally Chepkosgei na Chupa Nyeusi za Ndanai

Mwalimu Sally Chepkosgei anastaafu tarehe 30 Aprili 2026, baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha Biolojia, mingi kati ya hiyo hapa shuleni kwetu, nje kidogo ya Ndanai. Walioandaa sherehe hii ya kumuaga waliomba picha yake akiwa ameketi. Tumepekua albamu zote za shule bila kuipata. Katika kila picha amesimama, na katika nyingi shingo imegeuka, anaangalia kitu kingine.

Alizaliwa Kaplong, kwa wakulima wa chai na ng'ombe wa maziwa, na darasa la kuta nne halikumtosha. Kidato cha Pili walipofika kwenye uchachushaji, alileta maziwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya huku, maabarani, akawaagiza wasichana wanuse kila asubuhi na waandike walichonusa. Mkaguzi kutoka kaunti alipoingia, harufu ilikuwa imefika hadi veranda. Aliuliza kuna nini, akaelezwa kwa urefu na wasichana wanne kwa zamu, kisha akaomba kikombe.

Kilichomkosesha raha zaidi ni kwamba msichana angeweza kukariri jaribio zima kwa Kiingereza, halafu akifika nyumbani ashindwe kumweleza mama yake. Ndiyo maana alianza kubisha hodi katika idara yetu ya Kiswahili, akitaka vipindi vyetu viunganishwe. Hakungoja jibu. Wiki iliyofuata alikuja na darasa lake lote, kila mmoja na kiti chake.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 2017. Muhula huo wasichana wetu walikuwa wakipelekwa hospitali ya misheni Kaplong mara kwa mara kwa homa na tumbo, na mmoja wa Kidato cha Kwanza alilazwa mpaka tukaogopa kuulizia hali yake. Watu walilaumu maharagwe. Sally hakuridhika. Aliwafundisha Kidato cha Tatu kupima maji kwa karatasi iliyotiwa dawa: unaiweka ndani ya chupa ya maji, unangoja, na maji yakigeuka meusi ujue yameingiliwa na kinyesi. Walichota katika chemchemi ya kijiji, katika mto, na katika tangi la shule. Siku zile za kungoja hakukalika karibu naye. Alikuwa akiingia maabarani, akitoka, akirudi tena.

Chupa zote tatu zikawa nyeusi.

Huku kwetu idarani, wasichana walikuwa wakitunga ngonjera kuhusu maji ya kusomwa siku ya wazazi. Wakabishana juma zima kama waseme bakteria au vijidudu, wakakubaliana kwamba vijidudu ndilo neno ambalo nyanya zao wangelielewa. Winny Chepkurui, aliyekuwa kiongozi wao, aliandika mshororo uliosema maji haya yanaua. Ulikuwa na vina vizuri na sisi wa Kiswahili tuliupenda. Sally aliukata. Alisema wameona chupa zikigeuka rangi, hawajaona mtu akifa, na watakaloliweka mbele ya wazazi ni lile waliloliona. Ugomvi huo ulichukua kipindi kizima, na yeye ndiye aliyeshinda.

Mwalimu mkuu wa wakati huo aliposikia habari ya tangi, aliingiwa na hofu. Aliona wazazi wakiwahamisha mabinti zao kabla hata mkutano haujaisha. Aliamuru maji ya tangi yachemshwe jikoni, jambo la busara, lakini akataka chupa zisitoke maabarani na tangi lisitajwe mpaka wageni waondoke. Sally alimwendea ofisini mara kadhaa. Alikubali ngonjera isitaje tangi. Alichokataa ni kuwafundisha wasichana kudanganya wakiulizwa.

Na wakaulizwa. Ngonjera ilipokwisha, Mzee Kipsang, ambaye ng'ombe wake hunywa katika ile chemchemi, alisimama akicheka kidogo, akataka kujua wasichana wenyewe hunywa maji ya wapi. Winny alimtazama mwalimu mkuu, kisha akamtazama Sally.

"Jibu, Winny," Sally alisema. "Sema mlichokiona, basi."

"Ya tangi letu pia yamegeuka meusi, mzee," Winny akajibu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alianza kumtafuta binti yake kwa macho. Tumpe haki yake: ni mwalimu mkuu mwenyewe aliyeinuka, akasema maabara ifunguliwe, na wazazi wakapita mmoja mmoja mbele ya zile chupa, wasichana wakiwaeleza kwa Kiswahili, na pale walipokwama, kwa Kipsigis. Juma lile tangi likamwagwa na bomba lililopasuka karibu na vyoo likafukuliwa. Mzee Kipsang alileta nguzo za kuzungushia chemchemi ua. Safari za hospitali zikapungua, na yule wa Kidato cha Kwanza akarudi darasani.

Mwisho wa muhula Sally alihamishiwa shule ya kutwa upande wa Siongiroi. Sababu haikutolewa. Nafasi ya naibu mwalimu mkuu, ambayo wengi wetu tulidhani ni yake, ilikwenda kwa mwingine. Alilia siku moja tu mbele yetu, akiwa anafunga hadubini yake mwenyewe kwenye blanketi. Alirudi mwaka 2021, wazazi walipomwomba kwa sauti moja, na asubuhi ya kwanza alikwenda kuchota maji ya tangi kabla ya kusalimia mtu.

Sasa Gredi ya Kumi wa mtaala mpya wamefika na vitabu vipya, na sisi tunaobaki tunajiuliza ni nani atakayekuja kutubishia hodi. Tunatembea-tembea tu kwenye veranda.

Asante, Mwalimu Sally, kwa wasichana waliojifunza kuangalia na kusema. Mungu akupe afya na miaka mingi nyumbani Kaplong. Chai yako uinywe ikiwa moto, hadi tone la mwisho, na kengele ikilia upande huu wa bonde, ujue haikuiti wewe.

Lenah Bochaberi, Idara ya Kiswahili