Kamba ya Mzee Machibya

Baada ya miaka thelathini na mitano ya kutunza makaburi ya zamani ya mji wetu mdogo wa Nyamhele, Mzee Machibya Shigela anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1997. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa furaha. Nitajitahidi, ingawa tangu Jumatatu iliyopita sijapata usingizi.

Katika ofisi yetu ya mji tulimwogopa, tuseme ukweli. Tulimwamkia shikamoo tukiwa mbali, mikono mfukoni, asije akatusalimia kwa mkono uliotoka kaburini. Kikombe chake cha bati kilitundikwa peke yake kwenye msumari nyuma ya mlango, na Mama Wilhelmina, mpika chai wetu, alikiosha mwisho kabisa, baada ya sufuria. Mzee alicheka tu. Alisema wateja wake hawajawahi kumshtaki kwa mkubwa yeyote.

Makaburi hayo yalianza na vibarua wa kiwanda cha kuchambua pamba, watu waliofia ugenini. Walizikwa upande wa mashariki, katika mstari mmoja mrefu, pamoja na watoto wachanga, bila misalaba. Mwaka 1971 daftari lao lililiwa na mchwa. Mzee aliyajua majina yote kwa moyo, na hakutaka kutegemea karatasi tena. Katika kila kaburi alifukia jiwe bapa la ziwani, kina cha mkono hadi kiwiko, maana mawe ya juu huishia kwenye misingi ya nyumba za watu. Kisha akasokota kamba ya katani yenye mafundo sitini na moja. Ukiifunga kwenye nguzo ya lango na kuivuta kuelekea ziwani, kila fundo linaangukia juu ya jiwe.

Halafu biashara huria ikaruhusiwa, na kila mwenye fedha akataka kiwanja cha ufukweni cha kusindika samaki. Mwaka 1994 niliagizwa, kama karani wa ardhi, kuchora ramani ya ufukwe. Kosa ni langu, na liandikwe humu. Kwetu Kagera marehemu huzikwa nyumbani, mgombani, karibu na watu wake; makaburi ya watu wengi wasiojuana yalinitia hofu. Nilipima nikiwa nje ya ua wa minyaa, sikuingia hata hatua moja. Upande wa mashariki sikuona msalaba, nikauandika: kiwanja wazi.

Agosti mwaka uliofuata greda likaja. Mzee alifunga kamba yake langoni, akaivuta, akasimama mbele ya greda kwenye fundo la kwanza. Dereva alimtaka apishe, kwa kuwa karatasi inasema pako wazi. Mzee alichukua jembe. Alichimba kidogo, akaniita mimi niliyekuja na ramani, mbele ya watu wote.

"Karani, weka mkono."

Nilipiga magoti, nikauingiza mkono mpaka kiwikoni. Jiwe lilikuwepo, la baridi. Mzee akataja jina la aliyelala chini yake. Tukaenda la pili, la tatu, na kila moja lilikuwa na jina. Tulipofika la tisa dereva alizima injini, akavua kofia.

Tangu hapo nimeandika barua nne kuisahihisha ramani yangu. Hazijajibiwa. Jumatatu iliyopita tulipata taarifa kwamba mwekezaji mwingine anakuja Julai kuchukua kiwanja hicho, na nafasi ya Mzee haitajazwa kwa sababu wafanyakazi wanapunguzwa. Ninaogopa, ndugu zangu. Naogopa greda, na naogopa zaidi kusahau jina hata moja.

Juzi Mzee alinipitisha mafundo yote mara tatu, mpaka nikayashika majina sitini na moja. Akanikabidhi kamba. Nikampa mkono, mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Mzee Machibya, asante. Nenda Kisesa ukalime mpunga wako, ng'ombe wanenepe, wajukuu wakuchoshe. Sisi wote wa ofisi hii tunakuombea uzee wa raha. Ila kikombe chako usiende nacho. Kuanzia kesho ni changu, na Mama Wilhelmina ameshaniambia atakiosha mwisho.

Antoni Kahigwa, Karani wa Ardhi